Mgongo wa Mkwe Wetu

Madame aliponiambia kwamba Jumamosi nitaongoza darasa la yoga peke yangu, nilijiuliza kama ninaweza kuugua siku hiyo. Sikuuliza kwa sauti. Jibu nilijipa mwenyewe: ukiugua, Jumatatu uko karieri.

Karieri ndiyo machimbo. Msimu wa ukame uliopita nilichimba huko na yaya, kaka yangu, kwenye mashimo ya watu wanaochimba kwa mikono, si ya kampuni. Mmoja anashuka, mwingine anashika kamba, kisha tunabadilishana. Siku moja zamu ilikuwa yangu ya kushuka, na udongo ukaporomoka ukanifunika mpaka kifuani. Yaya na wenzake walinifukua kwa mikono na kwa sahani zetu za kulia. Sikuvunjika kitu. Lakini tangu siku ile, mahali penye giza au penye watu wengi, kifua changu kinajifunga na hewa inaishia kooni. Hata kanisani nakaa karibu na mlango.

Mvua ilipoanza, mashimo yalijaa maji na kazi ikasimama. Nilishukuru mvua kuliko wakulima. Nilikaa kwa yaya, huku mtaa wa Annexe, nikila bukari, yaani ugali, ya mke wake na kutafuta kazi nyingine. Shule niliacha baada ya msingi. Nilijaribu kuuza vocha za simu kando ya barabara, lakini muuzaji wa vocha lazima aite watu, na mimi nilikaa kimya chini ya mwavuli kama mtu anayengoja gari. Mwishowe parokia ikanipa kazi ya kupangusa sale, ukumbi wao, mara mojamoja.

Hapo ndipo nilimwona Madame. Alikuwa amekodi sale ile kufundisha yoga. Yeye ni mtu wa hapa hapa Lubumbashi, alijifunza nje kisha akarudi. Nilikuwa nje nikingoja wamalize ili nipanguse, nikamsikia dirishani akiwaambia watu wavute hewa polepole, waipeleke mpaka tumboni, waiachie polepole zaidi. Nilifuata bila kufikiri, nimeshika ufagio. Kifua kikafunguka. Nililia pale pale ukutani, na nilipofuta uso, Madame alikuwa mlangoni ananitazama.

"Ingia," alisema. "Ufagio uache inje."

Wiki iliyofuata alikuwa anaanza mafunzo ya walimu. Nilimwomba anipokee, nami nitatandika mikeka na kupangusa. Sijui nilipata wapi mdomo. Wenzangu walikuwa watatu: mama mmoja muuguzi na vijana wawili wa chuo kikuu, huko Kasapa. Wote walikuwa wameshafanya yoga muda mrefu. Mimi nilikuwa sijui hata kusimama. Ndiyo, kusimama nako kunafundishwa, na siku ya kwanza nilikosea.

Yaya alicheka sana.

"Kupumua? Ngoja nisikie vizuri. Kuko bantu banalipaka juu ya kupumua?"

"Banalipaka, yaya."

"Basi huyu kuku wangu nayeye nitamupeleka. Anapumuaka muzuri sana."

Halafu akaacha kucheka. Akaniambia mvua ikikauka tunarudi, sisi wawili, kwa sababu kamba yake hawezi kumpa mtu mwingine aishike. Kama kufikia siku hiyo Madame amenipa kazi ya kufundisha, sawa, atanielewa. Kama hajanipa, tunarudi. Yaya si mtu mbaya. Ana watoto, na shimo ndilo analolijua.

Miezi ikapita. Mwili ulianza kunisikiliza kidogo. Sauti ilikataa. Madame alisema mwili si tatizo, mwili unakuja na siku, lakini mwalimu anaongea. Nikaenda kujizoeza nyuma ya nyumba, mbele ya matuta ya viazi vitamu. Niliyaambia matuta yanyooshe mikono. Kulikuwa na mkao mmoja ambao Madame aliuita mbwa, kwa sababu mbwa akiamka anajinyoosha hivyo, matako juu na kichwa chini. Mke wa yaya alinisikia nikiutaja.

"Mulamu," alisema, maana ndivyo tunavyoitana na shemeji, "bamama ba parokia utabaambia bafanye kama imbwa?"

"Ndiyo jina yake."

"Batakupiga na viatu."

Alisema kweli. Kwa hiyo nikatafuta maneno mengine: iname kama unapangusa chini. Hilo kila mama analifanya tangu utoto. Lakini mkao wa mwisho, ule wa kulala chali mikono wazi, Madame aliuita maiti, na huo sikuupatia maneno. Nitamwambiaje mama wa watu alale kama maiti?

Jumamosi ikafika. Mvua zilikuwa zimeshaanza kupungua, na yaya alikuwa ameulizia mpini mpya wa sururu. Madame aliwaalika akina mama wa parokia waje kufundishwa bure na wanafunzi wake. Walikuja wamefunga vikwembe, vitenge vyao, juu ya suruali za michezo za watoto wao, wakichekana mlangoni. Mimi nilikuwa nimeinama nikinyoosha mikeka. Nilipoinuka, wote walikuwa wameshachukua nafasi, na kwenye mkeka wa katikati, bila viatu, amesimama mama mkwe wa yaya.

Lazima nieleze. Familia yetu ilitoka kaskazini ya Katanga pamoja na babu, aliyekuja kufanya kazi ya reli, na mambo ya bukwe hatukuyaacha huko. Mama wa mke humtazami usoni. Huli mbele yake, humpi mkono. Mkikutana njiani, mmoja anaacha njia. Na ndugu wa mume ni mume vilevile: mkwe wa yaya ni mkwe wangu. Yule mama alikuwa amekuja kwa sababu ya mgongo. Hakujua kwamba mwalimu ni mimi. Alishusha macho, nami nikashusha. Mlango ulikuwa upande wangu, kutoka asingeweza bila kunipita karibu.

Madame alikuwa ameketi nyuma kabisa na wenzangu. Akanipa ishara nianze.

Nikageuka, nikaangalia ukuta.

Niliuambia ukuta usimame vizuri, uache mabega yashuke. Sauti ikatoka. Mpaka leo nashangaa. Bila macho ya watu ilitoka nzima, na nyuma yangu nikasikia miguu ikisogea na vikwembe vikichakarika: walikuwa wananifuata. Niliuambia ukuta uvute hewa, uinue mikono, uiname kama unapangusa chini. Mama mmoja akasema, "Hii najua, nafanyaka kila asubuyi," wengine wakacheka, na kwa muda mfupi nilifikiri kwamba nimepona.

"Geuka," Madame alisema kutoka nyuma.

Niliendelea.

"Geuka, regarde bantu. Kuko mama mumoja mugongo yake inajikunja mubaya."

Nilijua ni nani. Na nilijua yuko namna gani wakati ule, ameinama kichwa chini. Nikigeuka nitamwona hivyo, na kuona hivyo hakufutiki. Nisipogeuka, anaweza kuumia. Nilisimama na mkono umeshika ukuta. Kijana mmoja wa chuo akamwambia mwenzake, si kwa sauti ndogo ya kutosha, "Mon vieux, ukuta iko na souplesse," yaani ukuta una viungo laini. Kifua kikaanza kujifunga. Nilitafuta ile hewa ya tumboni, ile niliyokuja kuwafundisha wengine, nikaikosa. Nikawaambia wakae chini. Baada ya kukaa ilibaki kulala, na mdomo wangu haukuweza kumwambia mkwe wetu alale chali mbele yangu. Madame akainuka, akaenda mwenyewe kuwalaza.

Walipoondoka wote, alinikuta nakunja mikeka.

"Sauti iko," alisema. "Lakini siwezi kukupatia bantu kama haubaoni. Muntu akivunja shingo?"

Nilimweleza yule mama ni nani. Nilifikiri atabadilika.

"Bukwe najua, nayimi nilizaliwa hapa. Ila hapa ndani hakuna mukwe, kuko mwili tu. Siku utaweza kugeuka, urudi."

Nikapangusa sale mara mbili ili nisirudi nyumbani mapema.

Yaya hakunicheka safari hii. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi, Jumatatu." Usiku huo sikula. Asubuhi ya Jumapili sikwenda misa. Nilikaa kwenye mlango wa chumba changu nikimwangalia akitia mpini kwenye sururu, akiugonga kwenye jiwe ili uingie vizuri. Kila pigo la ule mpini kwenye jiwe nililisikia kifuani. Nilitaka kumwambia kwamba huko chini sitaweza, kwamba nitafia kwenye kamba kabla ya kufika. Lakini yeye hushuka kila siku, ningemwambiaje?

Baada ya misa mama mkwe akaja. Anapokuja, huwa anaingia moja kwa moja kwa binti yake, na yaya anabaki nje. Kati ya chumba na uwanja kuna rido, pazia la maua. Tuliposikia anaketi, yaya alisogea na sururu yake mpaka kwenye kona, nami nikainuka nitoke. Mama mkwe akaanza kuongea, na binti yake, mke wa yaya, akaturudishia maneno yake kupitia rido, ingawa tulikuwa tunayasikia yote.

"Mama anasema, Jumamosi ulimuona miguu."

"Umwambie sikumuona. Nilikuwa naangalia ukuta."

Nikasikia sauti yake mwenyewe, "Hiyo ukuta ndiyo ilinipa kubakia. Kama angegeuka, ningetoka na dirisha."

Yaya alikohoa. Nafikiri alikuwa anacheka.

"Mama anauliza," shemeji akaendelea, "kuisha kuvuta pumzi, banaipelekaka wapi? Pale ulifikia, yule mwengine akaingilia na Kifaransa, mama hakushika kitu."

Sikujua kama ninaruhusiwa. Nikamtazama yaya, naye akatazama sururu. Kwa hiyo nikaketi chini, mgongo wangu kwenye ukuta kando ya rido, nikaanza.

"Umwambie atandike mukeka."

"Mama, utandike mukeka."

"Umwambie akunje kikwembe, aweke chini ya magoti. Halafu alale."

"Anasema ulale."

Neno lile lililonishinda mbele ya watu wote lilipita kwenye rido bila shida. Nikasikia mkeka, nikasikia mifupa yake ikishuka, na akiguna kidogo alipofika chini. Neno la maiti sikulitumia. Nilisema alale kama anasikiliza mvua kwenye mabati. Nilisema avute, na shemeji akasema avute. Hewa yake ilikuwa inakwama mahali fulani, kama mlango unaogusa sakafu. Nikangoja. Nikamwambia asisukume, aiachie irudi yenyewe. Baada ya muda shemeji aliacha kurudia maneno yangu, na hakuna aliyeona vibaya. Hewa ya mama ikafika chini. Niliisikia ikifika. Yangu nayo ilifika.

Aliinuka taratibu, akakaa. Akamwambia binti yake, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kona:

"Mugongo haiishake siku moja. Umwambie bwana yako, kama anapenda, aniachie huyu mutoto mpaka nipone."

Yaya alishika sururu, akaiweka chini, akaishika tena. Mkwe hakataliwi. Akikuomba paa la nyumba, unapanda kulitoa.

"Umwambie mama," alisema mwishowe, "ndiyo."

Jumatatu akaenda bila mimi. Kamba alimpa kijana wa jirani, mtu ambaye yaya mwenyewe amewahi kusema ni mlevi. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikambebea sururu. Alipoichukua aliniambia tu, "Umuponyeshe, lakini hapana mbio," na sikujua kama ni utani.

Tangu siku hiyo mkwe anakuja, analala upande wake wa rido, nami naketi upande wangu. Mchana najizoeza kugeuka. Nasimama nimeelekea ukuta wa chumba changu, nasema maneno yote, kisha nageuka kutazama kitanda na nguo zilizotundikwa, kana kwamba ni watu. Kwa nguo naweza. Jioni nakaa kwenye lango mpaka nimwone yaya akija, mweupe kwa vumbi, na ndipo naenda kunawa mikono.

Jana shemeji aliniambia kwa furaha kwamba mama yake ameinama kupangusa nyumba bila maumivu. Nilimjibu kwamba ni vizuri. Akipona, nashuka shimoni. Asipopona, kamba ya yaya inabaki mikononi mwa yule kijana. Kila asubuhi, kabla ya kutandika mkeka, napiga magoti niuombee mgongo wa mkwe wetu, na sijui nimwombe Mungu aufanye nini.