Safari ya Amani na Mkwe Nyuma ya Kanga

Tajiri wangu alipokwenda Pemba msimu wa karafuu aliniachia gari na amri moja tu: niliwashe kila siku lisije likasahau kazi yake. Ndivyo alivyosema, kana kwamba gari ni kasuku. Mimi nilikuwa dereva wake, kijana aliyeishia darasa la nne mwenye kichwa kilichojaa safari. Nilipomwomba nilitembeze mpaka Amani na wanangu, alicheka akasema, "Litembeze, maadamu litarudi na magurudumu manne."

Kaskazi ya mwaka ule joto lilikuwa limetukalia Chumbageni kama mgeni asiyejua kuaga. Nilikwisha kuwaahidi wanangu kwamba Amani kuna baridi ya kumtoa mtu moshi mdomoni. Walikuwa wawili, wote mabinti, mmoja wa miaka saba na mdogo wake wa minne. Mkubwa alifungasha nguo zake vizuri kama mtu anayekwenda Hija. Mdogo alifungasha kifuniko cha sufuria na ndara moja, akasema yu tayari.

Tatizo lilikuwa Pongwe. Hakuna njia ya kwenda Amani kutoka Tanga isiyopita Pongwe, na Pongwe ndiko alikokaa mama mkwe wangu.

Mke wangu ni Mbondei, na kwao mjukuu aliyepewa jina la bibi ni wa bibi. Akishajua kujifunga kanga mwenyewe, bibi humchukua akaishi naye. Binti yangu mdogo ndiye aliyekuwa na jina hilo. Mkwe alikuwa amefiwa na mumewe mwaka uliopita, yuko peke yake, na salamu zake zilikwisha kutufikia zaidi ya mara moja: "Somo wangu mtaniletea lini?" Mke wangu alisema ni haki yake. Nami nilijua ni haki yake. Lakini yule mtoto alikuwa halali mpaka anishike sikio, na mimi, nisiseme uongo, nilikuwa nimezoea kulala nikiwa nimeshikwa.

Kumwomba mkwe sikuweza. Kwa kina mke wangu mwanamume hasemi na mama mkwe, hamtazami usoni, wala hali mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Tangu nilipooa nilikuwa nimemwona visigino tu, vikitokomea kwenye majani.

"Pongwe tutapita mbio," nilimwambia mke wangu usiku wa kuamkia safari. "Kama gari la wagonjwa."

"Mama yangu utampita kama jini?"

"Tukirudi tutamsalimu."

"Tukirudi ndipo atakapomchukua mtoto, bwana wee. Unalia?"

"Ni moshi wa taa."

Taa ilikuwa imezimwa.

Asubuhi tukaondoka. Tulipokaribia Pongwe nikakanyaga mafuta, gari likaguna, nikajiona rubani. Kumbe mbele, katikati ya barabara, amesimama mama mmoja na furushi kichwani, kapu mkononi, na mwavuli ameunyoosha kama askari wa barabarani. Nikafunga breki. Mara alipotambua ni mimi, yule mama akageuka akaupa uso shamba la mkonge. Mimi nikajifunika uso kwa kofia.

"Mama huyo," mke wangu akasema, sauti imejaa kicheko. "Amekwisha kusikia. Muuza madafu wa mtaani kwetu hafichi jambo."

Akashuka wakasemezana. Ndugu yake mkwe, mjomba wa mke wangu, alikuwa akifanya kazi kwenye bustani ya miti huko Amani, na kwake ndiko tulikokuwa tukienda kulala. Mkwe naye alitaka kumwona nduguye. Wakati wa kurudi angeshuka Pongwe na somo wake, habari imekwisha.

Sasa tuingieje gari moja? Yeye ameupa mgongo mlango, mimi nina kofia usoni, na nyuma yetu mwenye mkokoteni wa ng'ombe anauliza kama kuna msiba. Mke wangu akachukua kanga moja, akaifunga kutoka mlango hadi mlango nyuma ya kiti changu. Kioo cha kuangalia nyuma nikakielekeza angani. Mkwe akaingia kwa kutanguliza mgongo, kama kaa anaingia shimoni, na safari ikaendelea. Mbele mimi na binti mkubwa, nyuma mkwe, mke wangu na mdogo.

Tungesalimika kama mke wangu angekuwa mzima. Lakini hatujafika mbali gari likamchafua roho. Akaweka ndimu puani, akajifunika, akasema asisemeshwe na mtu. Hivyo mjumbe kati ya mbele na nyuma akawa yule wa miaka minne. Alitafuta mwanya kwenye kanga, akapenyeza kichwa, kikakaa pale begani kwangu.

"Mwambie Bibi, shikamoo," nikasema.

Kichwa kikapotea. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Si mimi, ni Baba."

"Ehe, mwambie marahaba."

Kichwa kikarudi. "Amekujibu. Lakini marahaba yangu ilikuwa kubwa."

Tukaendelea. Kila aina ya neno likapita pale penye mwanya. "Bibi anasema unakwenda polepole." "Bibi anasema sasa unakwenda mbio." "Bibi anauliza hili shimo umelipiga kusudi?"

"Mwambie Bibi injini ina joto, ndiyo maana nachelewa."

"Bibi, Baba ana joto!"

Kisha mwanya ukapanuka, ukatoka mkono wenye kipepeo cha ukindu, ukaanza kunipepea sikio la kushoto. Sijapata kupepewa kwa heshima namna ile. Sikuweza kushukuru, sikuweza kukataa, na kila gari lilipoyumba kipepeo kilinipiga kichwani paa! Binti mkubwa aliziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka kwa kucheka.

Muheza tukanunua machungwa. Kwa kuwa sikuruhusiwa kula mbele ya mkwe, nilikula yangu nikiwa nimetoa kichwa nje ya dirisha, maji yakinitiririka hadi kwenye kiwiko. Tulipoondoka nikamsikia mkwe akisema kwa sauti ya asali:

"Somo, tukirudi utashuka nami Pongwe. Nina kuku wanaotaga, nina na mtoto wa mbuzi."

"Baba hataki," mtoto akasema.

Nikakosa gia.

"Nani kakwambia?" Bibi akauliza.

"Alimwambia Mama. Walidhani nimelala. Alisema atapita kwako kama gari la wagonjwa. Halafu akalia, makamasi yakamtoka, akasema ni taa."

Hata mke wangu aliyekuwa mgonjwa aliacha kuugua. Mimi nilitazama barabara kwa bidii ambayo barabara ile haikuwahi kutazamwa kwayo. Binti mkubwa akanisogelea, akaninong'oneza, "Baba, nikupe leso?"

Mwanya haukufunguka tena mpaka tulipofika milimani.

Anayeijua njia ya Amani anajua kona zile. Unapinda kulia unakutana na mti, unapinda kushoto unakutana na mawingu. Kwenye kona moja kali injini ikakohoa, ikafa. Nikakanyaga breki, breki ikawa kama inafikiri kwanza. Gari likaanza kurudi nyuma taratibu, na nyuma yetu palikuwa na bonde na sauti ya maji.

Kabla sijamaliza kusoma dua, mlango wa nyuma ukafunguka. Mkwe akaruka nje na umri wake wote, akabeba jiwe ambalo mimi ningelizunguka, akalitia nyuma ya gurudumu. Kisha akasimama, mikono kiunoni, uso ameuelekeza milimani, akalikemea gari:

"Ewe gari! Kanyaga breki yako! Pinda kulia, gari! Kulia, huna macho? Haya, vuta hendibreki! Hivyo hivyo, gari, mwana mwema!"

Nikapinda kulia. Nikavuta hendibreki. Gari likatulia, na wanangu wakapiga makofi.

Rejeta ilikuwa inachemka, ikabidi tungoje. Mke wangu akaenda kijitoni kunawa uso. Mimi nikafungua boneti, nikajificha nyuma yake. Mkwe akaketi kwenye jiwe upande wa pili, mgongo ameupa gari, akawamenyea wajukuu machungwa.

"Ewe gari," akasema baada ya muda, "umechoka."

Nilitazama kushoto na kulia. Hakuna sheria niliyoijua juu ya jambo lile. Nikaongea na injini: "Gari linasema limechoka, ila linashukuru kwa jiwe."

Nikasikia amecheka, kicheko kifupi, cha puani.

"Gari, mimi nakaa peke yangu. Nikipika chakula cha mmoja kinabaki, nikipika nusu kinabaki vilevile. Jioni nagombana na sufuria, na sufuria halinijibu."

"Gari halikatai haki ya mtu," nikasema. "Linajua huyo ni somo wako. Ila mtoto huyo hulala amelishika gari sikio, na gari nalo limejizoesha ujinga huo. Akiondoka halitapata usingizi."

"Gari lina masikio?" mdogo akauliza.

"Nyamaza, wakubwa wanasema," bibi yake akamwambia. Akamega chungwa. "Nami nimemfikiria sana huyu tangu Muheza, gari. Nikimpeleka Pongwe, kufika Ijumaa nitakuwa nimegombana na majirani wote. Halimkai neno tumboni."

"Kweli, gari linaona."

"Basi na akae kwao." Akafuta mikono kwenye kanga. "Lakini usicheke, gari. Nyumba yangu bado ni tupu."

Sikucheka. Nikajifanya nafuta plagi mpaka zikang'aa, na mke wangu akarudi.

Amani yenyewe ilikuwa kama nilivyoiota, na zaidi. Asubuhi ukungu uliingia hadi uvunguni. Watoto walipuliza moshi kutoka vinywani wakijifanya wazee wavuta kiko, na mdogo akamfuata kila mtu aliyepita amuoneshe wake. Mjomba alitupokea kwa magimbi na chai ya tangawizi. Alitutembeza chini ya miti mirefu akitutajia majina yasiyotamkika, na kwa kila jina mdogo alijibu "Marahaba." Sikufanya kazi yoyote. Nilikaa juani kama mjusi, nikaota nina gari langu mwenyewe na barabara isiyokwisha. Mkwe na mimi tulipeana nyumba kwa zamu: yeye akiwa jikoni mimi niko uani, yeye akija uani mimi niko bustanini. Binti yangu mkubwa nilimwona mara nyingi amekaa na bibi yake barazani, akifundishwa kusuka ukili wa mkeka, ulimi umemtoka nje kwa makini. Niliona, sikulifikiria.

Tulirudi gari likiteremka kwa raha, mdogo amelala, mke wangu na ndimu yake. Pongwe nikasimamisha. Mkwe akashuka kinyumenyume na furushi lake. Nilishika usukani, macho mbele, namshukuru Mungu moyoni, na naona haya kwa kumshukuru.

Mlango wa mbele wa upande wa pili ukafunguka. Binti mkubwa ameteremka, furushi lake la nguo kifuani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Bibi."

"Nani kakutuma?"

"Sikutumwa. Nilimuuliza kama anataka mwenye jina lake tu. Akasema jina halioshi vyombo."

Nikamtazama mke wangu kupitia mwanya. Alikuwa ameinuka, macho yamemjaa, anatikisa kichwa kwa kukubali. Kumbe wote walijua. Nilikuwa nimemlilia mmoja usiku kucha, na yule mwingine aliyekaa kando yangu safari nzima, aliyenipa leso, sikupata kumlilia hata siku moja.

Nikashuka. Sikufikiri. Nilizunguka gari nimkumbatie mwanangu, na pale kwenye boneti tukagongana uso kwa uso, mimi na mama mkwe. Uso wenyewe ulikuwa wa mke wangu, ila umecheka miaka mingi zaidi. Nikapaza sauti kama mwanafunzi: "Shikamoo Mama!"

"Marahaba! Lahaula!" akasema, akajifunika kanga kichwani, akaingia shamba la mihogo mbio.

"Haya, umemfukuza mama kwake," mke wangu akasema dirishani. "Ingia twende, hawezi kutoka humo mpaka tuondoke."

Nikaingia. Gari halikuwaka. Nikashuka nikapiga hendeli ya kuwashia mpaka jasho likanitoka. Kimya.

"Baba, fanyeni haraka!" binti yangu akapiga kelele kutoka mlangoni kwa bibi yake, tayari ana ufagio mkononi. "Bibi anasema humo kwenye mihogo kuna siafu!"

Ikabidi tusukume. Mke wangu nyuma, mimi mlangoni nimeshika usukani, na binti yangu akatupa ufagio akaja kusukuma naye, mikono yake midogo kando ya mikono ya mama yake. Gari likakohoa, likashika. Nikajua nikisimama litazima, na mkwe wangu atamalizwa na siafu. Mke wangu akakimbia akarukia ndani, mguu mmoja bado nje. Mimi niliagana na mwanangu kwa kupiga kelele juu ya mlio wa injini, maneno ya kula vizuri na kusali na kujifunika, bila kugeuka. Niliposema yote nikasikia sauti yake nyuma, mbali, inacheka: "Baba, sikusikii!"