Pedeli za Adventina

Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi, jua limeshachomoza nyuma ya ukungu, na tumboni sina kitu ila uji. Nasema mapema kwa sababu najua utakakokimbilia: utasema nilionja rubisi, pombe yetu ya ndizi, au nilikuwa nasinzia. Sikuonja, na sikusinzia. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Rubwera, mtu wa vyuma, na kabla ya siku ile nilikuwa wa kwanza kuwacheka wanaosimulia habari za mizimu. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, umalize, kisha unisikilize.

Nilikuwa na baiskeli ya magurudumu manne. Niliiunda mwenyewe kwa mabomba ya maji. Nyuma benchi la abiria watatu, juu turubai, mbele viti viwili bega kwa bega, kila kiti na pedeli zake. Kulia nilikaa mimi. Kushoto alikaa mke wangu, Adventina. Tulibeba akina mama wa kliniki, wazee wa kwenda kanisani, na siku za gulio mikungu ya ndizi, kwenye barabara ile inayotoka upande wa Isingiro.

Usidhani ilikuwa kazi ya mchezo. Kuna kilima kimoja kirefu, ukikiangalia tu miguu inachoka. Chini yake tulikuwa tunasimama. Adventina anafungua kifurushi chake cha jani kavu la mgomba, ndani mna kahawa ya kutafuna, ile tunayoichemsha na kuianika. Ananipa punje tatu, yeye anachukua moja. "Tafuna, Baba Koku, upate pumzi," anasema. Koku ni binti yetu. Kisha tunaanza kunyonga pedeli.

Miaka mitatu aliniomba injini. Nyuma ya nyumba palikuwa na pikipiki ya kaka yake, imepinda fremu yote lakini injini ni nzima. "Baba Koku, si uifunge hiyo injini? Kifua kinanibana pale kwenye kilima." Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Nilimjibu haiwezekani. Vyuma havitahimili, nilimwambia, na fundi ni mimi, angenibishia nini? Nilijua vitahimili. Ukweli ni kwamba nilipenda sifa. Watu walitoka madukani kututazama, watumishi wa ofisini walitupiga picha, wanasema tazama mke na mume wanavyoshirikiana. Ukishafunga injini unakuwa bodaboda tu kama wengine. Basi kwa ajili ya kusifiwa nikamwacha mwanamke anyonge na kifua chake kinambana.

Masika iliyopita, siku ya gulio, tulipofika juu ya kilima kile aliteremka, akashika bomba la turubai, akasema anaona giza. Hospitali walituambia moyo ulikuwa mgonjwa siku nyingi. Siku ya tatu akaondoka. Tulimzika kibanjani kwetu, shambani huko huko juu ya kilima, katikati ya migomba aliyoipanda kwa mkono wake.

Kwetu, kitu alichokitumia marehemu hakiguswi mpaka matanga yaondolewe. Ukoo unakaa, ndipo vitu vyake vinagawanywa. Shangazi yangu alinionya waziwazi: "Mwanangu, pale alipokuwa anakaa pana mwenyewe. Ngoja." Mimi na jeuri yangu nikamjibu kwamba baiskeli ni yangu, si kanga za kugawana. Abiria walikuwa wananiulizia, na peke yangu nisingeweza kuipandisha. Nikawasha grenda, nikakata pedeli za Adventina, nikang'oa na kiti chake. Ule mhimili wake nikauchomelea uwe kitako cha injini. Juu nikafunika na ubao, mnyororo nikaupeleka nyuma, ikawaka. Siku mbili. Unanisikia? Miaka mitatu aliomba, siku mbili nikamaliza.

Asubuhi iliyofuata nikatoka nayo kuijaribu, tupu, bila abiria. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni. Nilipofika chini ya kilima nikapunguza mwendo kwa mazoea, na hapo tulipokuwa tunasimama alikuwa amesimama mwanamke, kitenge amejifunika kichwa mpaka usoni, kama watu wanavyojifunika baridi.

"Habari za asubuhi, mama," nikasema. "Unakwenda wapi?"

"Nipandishe kilima tu," akajibu kwa sauti ya chini.

Nikamwonyesha benchi la nyuma. Hakwenda nyuma. Alizunguka mbele, akakaa kushoto, juu ya ubao ule, juu ya injini iliyokuwa imewaka tangu nyumbani. Mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kuweka kiganja hapo.

"Mama, hapo pana moto, utaungua!"

"Siungui," akasema.

Nifanye nini? Nikaongeza moto, tukaanza kupanda. Niamini, injini ilipanda kilima kile kama inateremka. Wala sikutoa jasho. Nikawa najisemea moyoni, fundi wewe, fundi kweli. Ndipo nikatupa jicho chini, nikaona miguu yake.

Ilikuwa peku, na ilikuwa inanyonga. Pedeli hazipo, nimezikata mwenyewe, lakini miguu inazunguka hewani, mmoja juu mmoja chini, polepole, kwa mwendo ule ule niliouzoea miaka yote. Na kwenye kifundo cha kulia palikuwa na kovu la meno ya mnyororo. Kovu lile nililifunga kitambaa mimi, siku lilipokuwa kidonda.

 Machozi yalikuwa yanatoka tu, barabara siioni. Nilisikia pumzi zake, zile pumzi fupifupi alizokuwa akivuta siku zote hapo, nami nikijifanya sizisikii kwa kelele za mnyororo. Tukafika juu. Akanigeukia. Uso sikuuona, Mungu alinihurumia.

"Kumbe iliwezekana," akasema.

Hakusema kwa hasira. Laiti angenitukana! Alisema kama mtu aliyeonyeshwa kitu kizuri ambacho si chake. Akateremka, akaingia kwenye njia ya kibanjani kwetu, na migomba ikamfunika. Injini ikazima yenyewe. Juu ya ubao, ubao wenye moto, palikuwa na kifurushi cha jani la mgomba. Ndani punje tatu za kahawa, baridi kabisa.

Sikuendelea na safari siku ile. Nilikwenda kwa shangazi, nikapiga magoti, nikamwambia yote. Hakunigombeza. Matanga yakaondolewa wiki ile ile, ukoo ukakaa, nikaukata ule mhimili na tukaufukia kaburini, miguuni pake. Injini niliihamishia nyuma, chini ya benchi, na kiti chake nikakirudisha. Bado nabeba abiria, maana Koku yuko shule na ana baba tu.

Unadhani yameisha? Asubuhi zenye ukungu, nikifika chini ya kilima, kiti cha kushoto kinabonyea. Simwoni mtu. Nasikia pumzi tu, fupifupi, mpaka juu. Namwambia, "Pumzika, Mama Koku, injini inapanda yenyewe." Hapumziki. Nimemwomba, nimesali, mchungaji amekuja. Nilimzoesha kazi ile vibaya, sasa hata kufa hakujamtua mzigo.

Kwa hiyo ukiipanda baiskeli yangu, kaa nyuma. Kushoto pana mwenyewe. Na wewe unayesoma, kama nyumbani kwako kuna mtu anayekuomba jambo la kumpunguzia kazi, na wewe unamjibu haiwezekani huku unajua fika kwamba inawezekana, nakusihi, weka kitabu hiki chini uende ukalifanye leo. Mimi nililifanya yeye akiwa kaburini. Nililifanya vizuri sana, kila anayeiona anaisifu, na kila anayenisifu nasikia sauti ile: kumbe iliwezekana.