Mchele wa Wifi Yangu Mwanvua

Wifi yangu Mwanvua hakuwa mganga, na aliyemwita hivyo alimkera. Hakuwa na dawa wala hirizi. Alikuwa mjane aliyekaa nyuma ya duka la mume wangu hapa Kasongo, siku zile za Wabelgiji, na kazi yake ilikuwa kuwasikiliza wanawake wenye huzuni.

Walikuja na ungo wa mchele kichwani. Mji mzima ulilima mpunga, na mchele wetu ulikuwa na mawe ya kuvunja meno, kwa hiyo mwanamke mwenye ungo hakuulizwa aendako. Waliketi naye mkekani wakachambua, mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama chini, na hapo maneno yalitoka yenyewe. Mwanvua hakumharakisha mtu. Aliyefiwa na mtoto hakumwuliza hata jina la huyo mtoto. Alingoja mama alitaje mwenyewe. Wakiondoka walimwachia konzi ya mchele, naye aliishi kwa hizo konzi.

Mume wangu Faradji ni mtu mwema, ila akili yake ilikaa dukani tu. Alimwona Mgiriki wa jirani akiweka gramafoni mlangoni na wateja wakijaa, akaona dada yake naye anastahili kujulikana. Hakutuuliza. Siku ya soko akamchukua mpiga mbiu, yule yule ambaye serikali ilimtumia kutangaza kodi na pamba. Kengele ilipolia, nusu ya wanaume walikimbilia porini. Waliobaki wakasikia kwamba mwanamke yeyote mwenye machozi yasiyokauka achukue mchele wake aende kwa Mwanvua, nyuma ya duka la Faradji.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwa tangazo moja mume wangu aliharibu maficho ya wanawake wote. Tangu siku hiyo, mwanamke akionekana njiani na ungo, watu walimwuliza analilia nini. Mkeka wa Mwanvua ukabaki mtupu.

Yeye hakugombana. Mimi ndiye niliyegombana, na Faradji alikula wali mkavu kwa siku kadhaa. Mwanvua alimwaza mtu mmoja tu: Régina, mke wa Marcellin, mwalimu wa misheni. Régina alikuwa amemzika mtoto wake wa pekee wakati wa surua, na tangu mazishi hakuwahi kulitaja jina lake. Kwao walimwambia Mungu amempenda huyo mtoto zaidi, basi anyamaze. Alikuwa ameanza kuja kwetu, Mkristo kwa Waislamu, na mara ya mwisho midomo yake ilitaka kusema. Sasa tulisikia kwamba walimu walimcheka Marcellin kwa habari za mchele wa mke wake, na Régina amejifungia ndani, hapiki, hali.

"Atakufa na jina ya mutoto mu kinywa," Mwanvua aliniambia, na sauti yake ilinitisha.

Faradji, maskini, akajitolea kumtuma mpiga mbiu arudi sokoni akanushe. Nilimtazama tu, akarudi dukani kwake.

Kesho yake Mwanvua alijitwika ungo wake mwenyewe, akapita katikati ya soko jua likiwaka, akiwasalimu watu kama anayekwenda harusini. Nilimfuata, kwa kuwa ni wifi yangu na pia kwa kuwa mimi ni mdaku. Tulivuka mji hadi nyumba za walimu. Akabisha hodi kwa Régina. Hakuitikiwa, lakini dirisha lilikuwa wazi kidogo. Basi akaketi barazani, kando ya njia, akaanza kuchambua na kusema kwa sauti ambayo kila mpita njia aliisikia.

"Nilikuwa na mutoto, jina yake Asani. Alikufa mu mikono yangu, hajaanza kutembea. Hata mutu mumoja hakuniuliza jina yake. Miye pia niko nalia, Régina. Leo nalia hapa mu njia, watu wote waone."

Nimeishi naye miaka mingi, nimekula naye sahani moja, na sikujua habari za huyo Asani. Nilikaa chini nikalia kama mtoto. Wake wa walimu walisimama njiani. Mmoja alitua mtungi wake, akafunika uso kwa kanga. Hakuna aliyecheka.

Mlango ukafunguka. Régina alikuwa amekonda hadi nguo zilimpwaya. Aliketi mbele ya Mwanvua, akatia vidole katika mchele, akatafuta, akatafuta tena, kisha akainua macho.

"Mama, hii muchele haina mawe."

"Niliyatoa yote asubui," Mwanvua akajibu.

Régina hakuondoa mkono. Aliendelea kuuchambua mchele ule safi, punje kwa punje. Halafu, polepole, akasema, "Dominique." Akalirudia. Akalirudia mpaka sauti ikapasuka na machozi yakaja, na Mwanvua akamvuta kifuani kwake.

Mbiu haikuhitajika tena. Wanawake walirudi mkekani, wa misheni na wa msikiti, mchana kweupe, na wengi wao walileta mchele waliokwisha kuuchambua nyumbani.