Mhesabu Bata

Kila Januari mhesabu ndege alikuja ziwani karibu na Mohoro, na Maulida, ambaye shamba lake la mpunga lilipakana na maji, alimjua kwa mwendo wake. Viatu alivivua mbali akavining'iniza shingoni, asiwashtue bata. Darubini ikiwa machoni, vidole vya mkono wa pili viligonga paja, pigo moja kwa kila bata kumi. Hata akisalimu alinong'ona.

Mwaka ambao Ramadhani iliangukia Januari, alikuja mbio, viatu miguuni, matope hadi magotini. Hakupiga hodi. Alikishika chungu cha futari kwa mikono mitupu, kikitokota, akamwaga mchuzi wote wa bata jivuni.

Maulida alibaki na upawa mkononi. "Bwana Ndege, umerukwa na akili?"

"Bata hawa umewapata wapi?"

"Walikuwa wakielea ziwani, wamelegea, tukawaokota asubuhi tukawachinja."

"Kuna mtu kamwaga ziwani sumu ya wadudu wa mikorosho, apate samaki bila kutega." Sauti ilikuwa ileile ya chini; viganja vilikuwa vimebabuka. "Siku hizi inauzwa kila duka kama chumvi. Umeonja?"

"Nimefunga."

Mhesabu akaketi chini ghafla, akafunika uso. Maulida alichota kata ya maji mtungini ampoze viganja, kisha akaimwaga chini. Maji yale aliyateka ziwani alfajiri. Mama mkwe wake, ambaye kwa uzee hafungi tena, aliyanywa adhuhuri akaingia ndani kulala.

Maulida akamwita. Akamwita tena. Ndani hapakuitika mtu.