Ni Kikombe Tu

Fundi mapazia yule alikuwa na ugonjwa wa vyombo vizuri. Akipata birika linalomimina bila kudondosha tone mezani, atalisifia wiki nzima kana kwamba amelizaa yeye. Lakini vikombe vyake vyeupe vya kauri ndivyo vilivyomtia wazimu kabisa. Kishikio kilipokea vidole viwili bila kubana, na ukingo ulikuwa mwembamba hata chai ikazidi utamu.

Mama yake mzazi, aliyeishi naye, hakuwahi kuvigusa. Mikono ya mama ilikuwa inatetemeka, basi akapewa kikombe cha plastiki cha bluu.

"Hiki chepesi, mama," fundi alimwambia, na hapo alisema nusu ya ukweli.

Siku moja akaja mteja kuchagua kitambaa, akakaribishwa chai kwenye kikombe cheupe. Aliponyoosha mkono kuonyesha rangi anayoitaka, kiwiko kikagonga kikombe, kikaenda chini, paa!

"Wala usijali, dada yangu!" fundi akacheka harakaharaka. "Ni kikombe tu."

Alipoinama kuokota vipande, macho yake yakakutana na ya mama, aliyekaa kwenye kochi na plastiki yake mikononi. Uso ukamwaka moto.

Mteja alipoondoka tu, fundi akajaza chai kwenye kikombe cheupe, akampelekea mama huku hawezi kumtazama.

Mama hakukipokea.

"Kirudishe kabatini, mwanangu," akasema kwa upole. "Watakuja watu tena."