Poda Niliyoipimia Kiganjani

Nakumbuka asubuhi ya harusi yangu pale Kharumwa, mwanangu. Nilitolewa ndani wanawake wakipiga vigelegele, nikafunuliwa kanga, na baba yangu aliyekuwa amesimama mlangoni akanitazama. Akawatazama na walionishika mikono. Kisha akauliza taratibu, "Mayu yuko wapi?"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa mzee mwenye furaha. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na ndivyo baba alivyoniita tangu nizaliwe, maana nilipewa jina la mama yake. Wote waliomjua walisema nilipewa na sura yake: paji pana, mashavu ya juu, na weusi ule wa udongo wa mbuga uliotoka kunyeshewa. Bibi huyo alikufa bila kupigwa picha hata moja. Baba alichimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji kule Bulyanhulu, akishuka kwa kamba, na kila akirudi nyumbani aliniambia, "Siku ya ndoa yako nitaleta mpiga picha. Nami nitakuwa na mama yangu ukutani."

Sasa sikia nilichokifanya. Nilikuwa mzuri, sikufichi, hata sasa ukinitazama vizuri utaona. Lakini nilikuwa naolewa Maganzo, kwa watu wa almasi, nikajitia akilini kwamba wataniona mweusi wa shamba. Nikaenda dukani kutafuta poda. Sisi tuliolelewa na wachimbaji, kitu cha thamani tunakitazama kiganjani; dhahabu huwekwa hapo ikageuzwageuzwa. Basi nami nikaipaka poda kiganjani, ikakubali, nikalipa nikiamini nimepata rangi yangu. Mwanangu, hebu tazama kiganja chako. Hata aliye mweusi kama chungu, kiganja chake ni cheupe. Nilinunua poda ya kiganja nikaipaka usoni, na juu yake nikaweka rangi ya mdomo ya pinki iliyopauka. Nilikuwa kama mtu aliyeangukia gunia la sembe, na katika mashoga zangu wote hakuna aliyefungua mdomo.

Baba akaniomba ninawe kabla ya picha. Nikamkatalia mbele za watu, nikamwambia haya ni mambo ya wasichana. Akampisha mpiga picha. Picha ilipokuja, uso ulikuwa wa majivu na shingo nyeusi, utadhani kichwa kimeazimwa. Baba hakuitundika. Aliifunga kwenye kitambaa akasema tu, "Tutapiga nyingine, Mayu."

Aliyenifumbua macho ni mama mkwe wangu kule Maganzo. Yeye na mumewe walikuwa wakinunua mawe madogo ya almasi kwa wachimbaji, na jicho lake lilikuwa kali. Alinikuta siku moja najipaka, akaniuliza kama kuna msiba. Akaniambia jiwe halitazamwi juani wala chini ya taa, vyote viwili vinadanganya. Hutazamwa asubuhi, kivulini, juu ya karatasi nyeupe, ndipo unajua kama lina umanjano ndani yake. Akaninawisha, akaniketisha mlangoni, akanizungushia shuka jeupe shingoni na kunipa kioo.

"Tazama chini ya weusi wako," akasema. "Kuna wekundu, kama kaa lililofunikwa jivu. Wewe unalimwagia maji."

Akanionyesha kwamba poda hujaribiwa kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo; ikipotea usiione, hiyo ni yako. Kwamba pinki yenye maziwa ndani yake inanipausha, lakini rangi ya damu ya mzee na ya tofali zinauwasha uso wangu kama kaa. Na haya madoa ya kijivu chini ya macho, ukiyafukia kwa poda yanazidi kuwa majivu. Yaguse kwanza kwa rangi ya chungwa, maana chungwa hula ukijivu, ndipo upake poda. Mwingine ngozi yake ina umanjano chini, huyo atafuata njia nyingine. Lazima kila mtu akae mlangoni kwake ajitazame.

Basi nikajua. Na hapo ndipo ninapojilaumu hadi leo, kuliko hata ile poda. Nilijua, nikakaa. Mpiga picha alikuwa pale pale barabarani. Nikasema nijifungue kwanza, nikasema tuvune kwanza, nikasema ninenepe kidogo. Kila salamu kutoka Kharumwa ilikuja na swali la baba: picha iko wapi?

Mwisho nikaenda kupiga, nimejipaka inavyopasa, nikapendeza haswa. Nikampelekea mwenyewe. Baba akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu huku anatabasamu. Alikuwa ameishika kichwa chini, miguu juu.

Ilikuwa presha ya macho, ile inayokula nuru taratibu, na alikuwa ameificha. Hospitali walishamwambia kilichopotea hakirudi. Nikaigeuza mikononi mwake, naye akajua kwamba nimegundua.

"Nieleze," akasema.

Nikamweleza. Paji pana, baba. Mashavu ya juu. Weusi wa mbuga mvua ikishakatika, na mdomo rangi ya damu ya mzee. Akapitisha kidole gumba juu ya ule uso, akasema, "Ndiye." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo wewe unayejipiga picha na simu inayokung'arisha yenyewe, sikukatazi kujipaka. Mimi mwenyewe napaka hadi leo, na kanisani wananitazama. Ila ijue kwanza rangi uliyopewa, asubuhi, kivulini, na kitambaa cheupe shingoni, kisha uitafutie poda ya kuiamsha. Anayekupenda akikuomba unawe, nawa. Na picha anayoingoja mzazi wako, kaipige leo.

Nenda mwanangu. Mungu akupe uso ambao wazee wako watautambua, na akuwahishe mlangoni kwao wakiwa bado wanaona.