Nilivyokuwa dalali wa Bi Rukia dhidi ya kampuni yangu mwenyewe

Salaam aleikum wakuu.

Kwanza naomba radhi kwa makosa ya kuandika. Nimeishia darasa la nane na naandika polepole, uzi huu umenichukua siku tatu. Mwandiko wangu nao ni mbaya, lakini huo simu imeusitiri. Majina ya watu nimeyabadilisha. Aibu niliyoipata sikuibadilisha hata kidogo.

Mimi ni kijana wa Mji wa Kale, hapa Mombasa. Nadarizi kofia kwa mkono, nyumbani kwa mamangu. Kazi hii inanifaa kwa sababu kofia haisemi, nami nina haya kupita kiasi. Nikiona baraza ina watu watatu, huzunguka uchochoro wa nyuma.

Basi nikasoma humu humu uzi wa mkuu mmoja kuhusu biashara ya domain.

Kwa asiyejua, domain ni lile jina ambalo mtu huliandika mtandaoni ili afike kwenye duka lako. Kila jina ni moja tu duniani. Anayewahi kulisajili ndiye mwenyewe, mradi alilipie kila mwaka.

Mkuu alisema unaliwahi jina, unakaa, mwenye biashara akilitaka anakujia na pesa. Yeye aliuza moja akajenga nyumba. Picha ya nyumba hakuiweka, nami sikumwuliza, maana hata kuuliza naona haya.

Kilichonivutia ni kimoja: hakuna kuonana na mtu.

Mamangu alikuwa amenipa pesa za nyuzi za kofia za Idi. Nikazisajilia majina sita, yote ya biashara za majirani. Sikumwuliza hata mmoja wao. Nikanunua laini ya pili, nikaweka picha ya jengo refu la vioo ambalo silijui liko nchi gani, nikajiita Mkurugenzi wa Mauzo, Kanda ya Pwani.

Kanda nyingine hazikuwepo.

Kisha nikawatumia wote ujumbe: "Mteja mtukufu, jina la biashara yako liko mikononi mwetu. Wapo wanunuzi wengine. Wahi." Nikiusoma leo naona ni ujumbe wa mteka nyara.

Fundi wa makochi alijibu kwa kidole gumba, basi. Mwenye hoteli aliuliza kama tuna nyanya. Muuza nyama alinitumia dua ndefu, akataka niisambaze kwa watu kumi.

Nikaisambaza.

Wiki mbili zikapita. Kila asubuhi mamangu auliza, "Kofia za Idi mbona sizioni?" Sindano ninayo, uzi sina. Nilihitaji mteja mmoja tu kabla mamangu hajafungua kabati akaona hamna kitu.

Mteja huyo akawa Bi Rukia.

Bi Rukia ni jirani yetu ukuta kwa ukuta. Anapika mabuyu, zile mbegu za ubuyu za sukari na rangi nyekundu, na yake husafiri hadi Maskati kwenye mizigo ya watu. Asubuhi moja aliniita jikoni kwake.

"Mwanangu, hebu njoo unisomee. Mikono yangu ina shira."

Nikachukua simu yake. Nikasoma ujumbe wangu mwenyewe kwa sauti.

"Sijafahamu," akasema. "Yaani mtu ameliwahi jina langu, kisha aniuzia mimi mwenyewe?"

"Ndiyo, Bi Rukia."

"Mtu huyu ana mama?"

"Nadhani anaye."

"Maskini mama yule."

Nilitaka kuondoka, lakini yale maneno ya wanunuzi wengine yalikuwa yameshamwingia. Kuna mama mwengine wa Kibokoni naye apika mabuyu.

"Ni yeye! Wallahi ni yeye. Sukari yake yatoa maji, sasa ataka jina langu!"

Wakuu, hao wanunuzi wengine niliwatunga mimi.

"Keti hapo," akaniambia. "Leo wewe ndiwe dalali wangu. Mimi nasema, wewe waandika."

Nikaketi. Yeye akarudi kwenye sufuria na mwiko wake.

"Msalimie kwanza. Muulize watoto hawajambo."

Nikaandika kwa simu yake, nikatuma. Mfukoni mwangu simu yangu ikalia.

"Simu yako yalia."

"Ni... ni mamangu."

"Mjibu basi. Mama hangojeshwi."

Nikageukia ukuta, nikajijibu kama Mkurugenzi: Hawajambo. Simu ya Bi Rukia ikalia.

"Ajibu mbio, huyu! Muulize ni wangapi."

Kwa hofu nikawa na watatu.

"Mdogo ameacha kunyonya?"

Nikajibu kwamba mdogo ana homa kidogo. Nadhani nilitaka nionewe huruma, bei isishuke. Bi Rukia akaacha mwiko, akainua mikono yake yenye shira, akamwombea mtoto dua. Nami nikaitikia amin.

Wakuu, mtu aliyeombewa dua hawezi kushikilia bei. Hilo yule mkuu aliyejenga nyumba hakuliandika.

Nikakata nusu.

"Mwambie nimecheka," akasema Bi Rukia.

Nikajiandikia kwamba amecheka. Nikapunguza tena.

"Sasa mwambie nina wageni, nitamrudia baada ya adhuhuri."

"Wageni gani, Bi Rukia?"

"Dalali gani wewe? Mwache aungue kidogo."

Nikakaa pale kwenye kibao, nikiungua. Alinipa chai na mahamri, nikala kwa niaba ya pande zote mbili.

Kufika alasiri bei ilikuwa imeshuka hadi zile pesa za nyuzi tu. Faida sina, lakini nyuzi zingerudi kabatini na mamangu asingejua. Nikakubali. Na naona haya kusema hivi, lakini kama dalali nilijiona hodari.

Bi Rukia akanawa mikono, akajifuta kwa leso. "Pesa natuma mwenyewe. Hilo sina dalali."

Akaandika namba ya Mkurugenzi.

Sasa mnajua simu zetu. Kabla hujathibitisha kutuma, zinakuonyesha jina la anayepokea. Na ile laini niliisajili kwa kitambulisho changu. Mkurugenzi mzima, hilo halikunipitia kichwani.

Akasoma polepole, kidole chini ya maneno. Jina langu. La babangu. La babu yangu, ambaye alimjua.

Nikatazama mlango.

Hakupiga kelele. Akafuta alichoandika, akaiweka simu juu ya kopo la sukari.

"Mwambie Mkurugenzi apunguze tena."

Sikuandika safari hii. "Amesema chukua bure, Bi Rukia."

"Ameyawahi mangapi mengine?"

"Matano."

"Mwambie ayarudishe yote. Mlango kwa mlango, kwa mdomo wake, si kwa simu. Swala ya Ijumaa isimkute nayo. Ikimkuta, mamake nampata kwa kugonga ukuta."

Akaushika mwiko wake, akaendelea kukoroga.

Mamangu nilimwambia mwenyewe siku ile ile, nisije nikatanguliwa. Alichonijibu nikikiandika humu uzi utafutwa. Nyuzi amekwenda kununua yeye, na pesa hanipi tena mkononi.

Kisha nikaanza kuzunguka.

Kwa fundi wa makochi nilisimama mlangoni hadi akaniuliza kama naumwa. Nilipomaliza kueleza akasema, "Kumbe wewe wasema!" Habari ya domain haikumshughulisha. Aliwaita wenzake wawili waje wanisikie nikisema tena tangu mwanzo.

Mwenye hoteli alikasirika. Alikuwa bado anangoja nyanya.

Wengine wawili walinisikiliza vizuri, nikawahamishia majina yao pale pale. Mmoja akaniuliza, "Sasa hili jina nalifanyia nini?" Wiki zote zile nauza kitu, swali hilo sikuwahi kujiuliza.

Funzo nililolipata, wakuu: jina la duka la mtu si kiwanja kitupu cha kuwahiwa. Ukiona jirani anahitaji domain, mwendee, msalimie, mweleze, akitaka umsajilie kwa jina lake naye akupe ujira wako. Uzi wa mkuu wa nyumba ungekuwa na mstari huo, mimi ningekuwa nadarizi sasa hivi.

Bado jina moja, la muuza nyama. Leo ni Alhamisi.

Nimeshakwenda kwake mara mbili. Kila nikifika mbele yake na kufungua mdomo, ananiwahi: "Nikukatie ngapi?" Na mara zote mbili nimerudi nyumbani na nusu kilo.

Nyinyi mnaojua kuzungumza na watu, nawaomba mniandikie hapa chini kabla hajafungua duka kesho. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote.

Mtu huanza na neno gani?